Kutupa Mimba si Jina la Ugonjwa Mmoja: Uhakiki wa Istilahi za Vimelea vya Ng'ombe wa Maziwa

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo mtafsiri wa Kiswahili huletewa mezani, maandishi ya ufugaji hayahesabiwi kuwa magumu. Maneno ya ng'ombe, zizi, malisho na maziwa ni ya kale katika lugha yetu, na mtafsiri huyapitia upesi ili apate nafasi ya kushughulikia maandishi ya sheria au ya uhandisi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugumu upo, nao umejificha katika maneno yale yale tunayodhani kwamba tumekwisha kuyamudu. Tutachunguza istilahi zinazohusu vimelea vinavyosababisha ng'ombe wa maziwa kupoteza mimba, na tutazipima istilahi hizo kwa mfugaji wa Kyela na wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambaye ndiye hasa alipaye gharama ya neno lililochaguliwa vibaya.

Hoja yetu ni moja. Jina "ugonjwa wa kutupa mimba", ambalo limezoeleka katika vitabu na vipeperushi vya ufugaji kuwa jina la ugonjwa wa brusela, ni jina la dalili. Madhali dalili hiyo ina vyanzo vingi, vikiwamo vimelea vya namna mbalimbali, jina hilo haliwezi kuendelea kuwa mali ya chanzo kimoja bila kumpotosha mfugaji, bwana mifugo na mwandishi wa takwimu kwa pamoja.

Mahali na mfugaji wake

Wilaya ya Kyela ipo kusini mwa Mkoa wa Mbeya, katika uwanda wa chini unaoanzia miguuni mwa milima ya Rungwe na kuishia kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio hupita katika uwanda huo, na mvua za masika huufurikisha mara kwa mara. Wengi huijua Kyela kwa mpunga na kakao, lakini ng'ombe ana heshima ya kale miongoni mwa Wanyakyusa. Mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1930 na kuchapisha mwaka 1951 kitabu juu ya vijiji vya rika, alieleza kwa urefu jinsi ng'ombe walivyofungamana na ndoa, udugu na ujirani.

Ng'ombe wa maziwa wa siku hizi amekuja kwa njia nyingine. Katika nyanda za juu za Rungwe, ambako baridi humfaa ng'ombe mwenye damu ya kigeni, ufugaji wa ng'ombe chotara umeenea sana, na mtamba aweza kuteremshwa kutoka huko hadi vijiji vya joto vya ziwani. Aghalabu mfugaji mdogo huwa na ng'ombe mmoja au wawili bandani, akiwalisha majani ya kukata na vigogo vya migomba. Katika sehemu nyingi za nchi, mfugaji wa namna hiyo alimpata ng'ombe wake wa kwanza kwa utaratibu unaojulikana kwa jina la "kopa ng'ombe lipa ng'ombe": hupewa mtamba, na deni lake hulipwa kwa ndama jike atakayezaliwa, ambaye hukabidhiwa jirani anayefuata katika orodha.

Msomaji na aupime uzito wa jambo hili. Kwa mwenye ng'ombe mmoja, mimba ikipotea, ndama hayupo, maziwa ya mwaka hayapo, deni halilipwi, na jirani aliyekuwa akingoja zamu yake huendelea kungoja. Mtu wa namna hiyo anapokwenda kuuliza ni kitu gani kimempata ng'ombe wake, jibu atakalopewa litakuwa neno. Tunataka kujua ni neno gani, na litampeleka wapi.

Jina la dalili na jina la chanzo

Hatudai kwamba kuuita ugonjwa kwa dalili yake ni kosa katika kila hali. Kiswahili kina majina mengi mazuri ya namna hiyo. Neno "matende" hutaja miguu iliyovimba, wala halimtaji mnyoo anayeleta uvimbe wala mbu anayemwambukiza mtu. Hata hivyo katika mwambao wetu neno hilo limetumika kwa manufaa, kwa sababu anayelisema na anayelisikia huwa na ugonjwa ule ule akilini. Jina la dalili hufaa pale ambapo dalili huelekeza kwenye chanzo kimoja, au karibu na kimoja.

Kutupa mimba hakuko hivyo. Ng'ombe hubeba mimba kwa muda wa miezi tisa na zaidi kidogo, na katika muda huo mambo mengi yaweza kuikatisha. Brusela, ambayo ni bakteria, ni mojawapo. Nayo aghalabu huangusha mimba katika nusu ya pili, hasa miezi ya mwisho. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa ni chanzo kingine, na milipuko yake ya mwaka 1997 na 1998, na tena ya mwaka 2006 na 2007, inakumbukwa Afrika Mashariki kwa wingi wa mimba zilizotupwa na wanyama. Vimelea navyo vina orodha yao. Neospora huangusha mimba hasa katika mwezi wa tano na wa sita. Trikomona wa ng'ombe huiharibu mapema, pengine kabla mwenye ng'ombe hajajua kwamba mimba ilikuwapo. Vimelea vya nagana, vinavyoletwa na mbung'o, na vile vya ndigana kali, vinavyoletwa na kupe, vyaweza kuangusha mimba kwa sababu ya homa na udhaifu wa mama. Toksoplasma, ambaye hukomaa ndani ya paka, huwasumbua zaidi kondoo na mbuzi kuliko ng'ombe.

Tuchukue sentensi ya aina ambayo msomaji wa vipeperushi ataitambua mara moja, ingawa tumeitunga sisi wenyewe kwa mfano: "Ugonjwa wa kutupa mimba huzuiwa kwa kuchanja mitamba na kuchemsha maziwa." Kama "ugonjwa wa kutupa mimba" maana yake ni brusela, sentensi ni sahihi. Lakini mfugaji hakusoma "brusela". Alisoma maneno yanayoeleza kile alichokiona bandani kwake asubuhi. Kwake yeye sentensi hiyo inasema kwamba kila mimba inayotupwa huzuiwa kwa chanjo. Akichanja, na mwaka unaofuata ng'ombe yule yule akatupa mimba kwa sababu ya neospora, atahitimisha kwamba chanjo ni uongo. Na siku atakapoambiwa tena achemshe maziwa, hatasikiliza. Hapo neno litakuwa limemwondolea kinga dhidi ya brusela, ambayo humwambukiza binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma bila kujikinga.

Hatari hiyo ina upande wa pili katika ofisi. Karani anayejaza taarifa ya mwezi hukuta neno "kutupa mimba" katika maelezo ya kijiji, naye huliingiza katika safu ya brusela, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kulisoma. Taarifa hupanda kutoka kata hadi wilaya, na kutoka wilaya hadi mkoa, na kila inapopanda huzidi kuwa na sura ya ukweli. Mwishoni yaweza kuagizwa dawa, chanjo au semina kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuthibitishwa na mtu yeyote.

Yaliyoonekana kaskazini mwa nchi yanathibitisha hofu yetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, damu ya ng'ombe wapatao 3,000 wa mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara ilipimwa, na karibu ng'ombe mmoja katika kila watano alionekana kuwa amewahi kuambukizwa neospora. Uchunguzi mwingine wa mimba zilizotupwa na mifugo ya mikoa hiyo, uliofanyika kati ya mwaka 2017 na 2019, ulikuta miongoni mwa vyanzo vilivyotambuliwa homa ya Bonde la Ufa, neospora na brusela; na matukio mengi zaidi yalibaki bila chanzo kupatikana, hata baada ya maabara kufanya kazi yake. Hesabu hizo ni za kaskazini, wala hazimhesabu ng'ombe wa Kyela. Lakini zinatosha kumwonya mwandishi wa istilahi, popote alipo, kwamba jina lililofungwa kwa chanzo kimoja limeyaacha nje mambo mengi.

Minyoo, wadudu na vimelea

Kosa la pili ni la neno "minyoo". Mfugaji akiambiwa kwamba ng'ombe wake ana vimelea, mara nyingi aliyemwambia huongeza kwa nia njema, "yaani minyoo". Tafsiri hiyo ya papo kwa papo ina madhara. Minyoo ni vimelea, lakini vimelea wengi si minyoo. Neospora, trikomona na vimelea vya ndigana kali ni viumbe vya seli moja, visivyoonekana ila kwa hadubini, na dawa ya minyoo haiwagusi hata kidogo. Mfugaji aliyesikia "minyoo" atanunua dawa ya kunywesha, ataipima kwa chupa ya soda, atamnywesha ng'ombe, kisha atangoja mimba ishike. Fedha imekwenda na kimelea kimebaki.

Neno "wadudu" limepewa mzigo mkubwa zaidi, kwani kwa wengi hutaja kupe, nzi, bakteria, virusi na vimelea vyote kwa pamoja. Katika mazungumzo hatuna ugomvi nalo. Katika maandishi ya kufundishia yafaa liachiwe viumbe vinavyoonekana kwa macho.

Kuhusu neno la jumla, maneno mawili yanashindana: "kimelea" na "kidusia". Yote mawili yamo katika matumizi ya wasomi. Sisi tunaelekea kwenye "kimelea" kwa sababu mbili. Kwanza, limekwisha kuenea katika mafunzo ya malaria na afya ya jamii, hivi kwamba mwanafunzi wa darasa la juu la shule ya msingi hulitambua. Pili, mzizi wake upo wazi: kitu kinachomea juu ya kingine. Mwalimu wa Kyela aweza kuwaonyesha wanafunzi mmea unaojishikiza kwenye mkakao, kisha akawapeleka kutoka hapo hadi kwenye kimelea kinachokaa tumboni mwa ng'ombe, bila kulazimika kutafuta mfano wa kitabuni. Kwa aina ya seli moja tunapendekeza liendelee neno "protozoa", ambalo limekwisha kukaa vizuri kinywani, pamoja na maelezo "kimelea cha seli moja" pale linapotajwa mara ya kwanza.

Mbwa, kondo la nyuma na neno "mwenyeji"

Neospora aligunduliwa kwa mbwa huko Norway mwaka 1984, akapewa jina mwaka 1988, na mwaka 1998 ikathibitishwa kwamba mbwa ndiye ambaye kimelea hiki hukomaa ndani yake. Jina kamili la kisayansi ni Neospora caninum, na neno la pili ni la Kilatini lenye kumtaja mbwa. Mwendo wa kimelea ni huu: mbwa akila kondo la nyuma au ndama mfu mwenye kimelea, kimelea hukamilisha ukuaji wake ndani ya utumbo wa mbwa na kutoka pamoja na kinyesi katika vifuko vidogo vigumu, vifuko hivyo huchafua majani au maji, ng'ombe huvila, na kimelea huingia katika mwili wake na katika mimba yake.

Hapa mtafsiri hukutana na jozi ya istilahi ambayo kwa kawaida huandikwa "mwenyeji wa mwisho" na "mwenyeji wa kati". Jozi hii imetafsiriwa sehemu kwa sehemu, na maana yake haijulikani isipokuwa na mtu aliyekwisha kuijua. Kwa msemaji wa kawaida "mwenyeji wa mwisho" ni mkazi aliyebaki peke yake kijijini baada ya wengine kuhama. "Mwenyeji wa kati" nalo huonekana kana kwamba linataja mahali anapokaa. Tunapendekeza "mwenyeji wa kukomaa" na "mwenyeji wa kupitia". Tukisema kwamba mbwa ni mwenyeji wa kukomaa na ng'ombe ni mwenyeji wa kupitia, sentensi inaeleza kazi ya kila mmoja katika maisha ya kimelea, na msikilizaji anaelewa bila kuchorewa mchoro.

Wapo waliopendekeza kwamba ugonjwa wenyewe uitwe "ugonjwa wa mbwa" ili wananchi wajue chanzo. Hatukubaliani. Jina hilo litachanganywa na kichaa cha mbwa, na mtu akiamini kwamba kila mbwa huleta hasara bandani, mbwa watauawa bila sababu. Kinachotakiwa ni mbwa asile kondo la nyuma wala mzoga wa ndama, na asiende haja katika majani na maji ya ng'ombe. Kazi hiyo ni ya jembe na mfuniko. Kondo likitupwa nyuma ya banda, mbwa hulifikia kabla ya jembe. Basi maandishi yaseme wazi "fukia kwa kina siku ile ile", badala ya kusema "zingatia usafi wa mazingira", maneno ambayo hayamwambii mtu afanye nini.

Vifuko vinavyotoka na kinyesi cha mbwa navyo vimekuwa vikiitwa "mayai". Mfananisho huo unamrudisha msomaji kwenye minyoo, ambayo hutaga mayai kweli. Katika maandishi ya maabara neno "oosisti" linafaa. Katika maandishi ya mfugaji "vifuko vya kimelea" linatosha.

Kurithi na kuambukizwa

Jambo la hatari kuliko yote katika habari ya neospora ni kwamba ng'ombe aliyeambukizwa aweza kumwambukiza ndama tumboni, mimba baada ya mimba, na mara nyingi ndama huzaliwa akiwa na afya njema machoni. Mtamba huyo hukua, hupandishwa, naye huwa katika hatari ya kutupa mimba au ya kumwambukiza ndama wake mwenyewe. Hivyo kimelea kinaweza kukaa katika ukoo wa ng'ombe kwa vizazi bila mbwa yeyote kuhusika tena.

Watafsiri wamelieleza jambo hili kwa njia mbili, zote mbaya. Njia ya kwanza ni kuandika "maambukizi ya wima". Maneno hayo ni kivuli cha lugha nyingine. Wima ni sifa ya nguzo na mnazi, wala maambukizi hayasimami. Njia ya pili ni kuandika kwamba ugonjwa huu ni "wa kurithi". Hilo ni kosa la maana kabisa, kwani kinachorithiwa hutoka katika mbegu za wazazi wote wawili, ilhali neospora ni kiumbe cha nje kilichopenya kondo la nyuma na kumfikia ndama tumboni. Mfugaji akiambiwa "kurithi" atatafuta fahali wa ukoo mwingine, na tatizo litabaki pale pale, kwa kuwa limo kwa mama.

Kiswahili kimekwisha kupata maneno yanayofaa kutokana na mafunzo ya Ukimwi: "maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto". Kliniki na redio zimeyazoeza masikio ya wananchi kwa miaka mingi. Badala ya kubuni kipya, tuseme "maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa ndama". Mfugaji wa Matema au wa Ipinda ataelewa papo hapo.

Hapa ndipo mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe unapoihitaji lugha kuliko pote. Ndama jike anayelipia deni ndiye hasa anayeweza kubeba kimelea kutoka banda moja hadi jingine. Mkataba unaosema kwamba mkopaji atarudisha "mtamba mwenye afya" haujasema kitu, kwa kuwa mtamba mwenye neospora huonekana mwenye afya. Ingefaa mkataba useme "mtamba aliyepimwa damu". Tofauti ni ya neno moja, lakini neno hilo ndilo linalomlinda jirani aliyengoja zamu yake.

Fahali na neno "zinaa"

Trikomona wa ng'ombe hukaa katika govi la fahali bila kumwonyesha mwenye fahali dalili yoyote, naye huambukizwa kwa kupandana. Jike aliyeambukizwa hushika mimba, huipoteza mapema, kisha hurudia joto kwa vipindi visivyo vya kawaida, na mara nyingine huvimba usaha katika mfuko wa uzazi. Majike wengi hupona wakipumzishwa kwa miezi kadhaa bila kupandishwa. Fahali, hasa aliyekomaa, aweza kubaki na kimelea daima. Baada ya mavuno ya mpunga, ng'ombe wa nyumba nyingi wanapoachiwa mabua ya shamba moja, fahali mmoja huweza kuyafikia majike ya watu wengi.

Katika maandishi kadhaa ugonjwa huu umewekwa chini ya kichwa "magonjwa ya zinaa ya ng'ombe". Istilahi hii haifai. Zinaa ni neno la maadili na la sheria ya dini. Humhukumu mtu kwa tendo alilolifanya nje ya ndoa. Ng'ombe hana ndoa, wala hazini. Mwalimu akilisoma neno hilo darasani, wanafunzi watacheka, na somo litakuwa limekwisha. Tunapendekeza "magonjwa ya kupandana". Jina hili linataja njia ya maambukizi bila aibu, na linaonyesha kinga yake: uhimilishaji kwa mbegu zilizopimwa, kama zile zinazotolewa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, huondoa kupandana na kwa hiyo huikata njia ya kimelea.

Kwa upande wa tendo la kupoteza mimba lenyewe, lugha yetu ina utajiri ambao watafsiri hawautumii. "Kutoa mimba" ni kitendo cha kukusudia, na si sahihi kumwandikia ng'ombe. "Kuharibika kwa mimba" hutumika zaidi kwa wanawake, na lina staha inayolifaa. "Kutupa mimba" ndilo neno la wafugaji kwa mimba iliyoonekana ikitoka. Lakini mimba iliyopotea mapema mno, kama ya trikomona, haitupwi machoni pa mtu. Mfugaji husema tu kwamba ng'ombe "amerudia joto" au "hashiki". Hasara ya namna hii isipopewa jina haitaandikwa katika taarifa yoyote. Kwa hiyo yafaa tuwe na "kupotea kwa mimba changa" kando ya "kutupa mimba" na "kuzaa ndama mfu", na zote tatu ziwe chini ya jina la jumla, "hasara za uzazi".

Mfano mzuri tulio nao: ndigana

Ili tusionekane kuwa wakosoaji tu, tutaje mahali ambapo Kiswahili cha wafugaji kimefanikiwa. Jina "ndigana" lina matawi mawili: ndigana kali na ndigana baridi. Ya kwanza huletwa na protozoa, ya pili na bakteria. Kupe ndiye msafirishaji mkuu wa zote mbili, lakini dawa inayotibu moja si ile inayotibu nyingine. Wafugaji waliacha shina la jina libaki, wakaweka kivumishi kinachotenganisha. Leo bwana mifugo akiandika "kali" au "baridi" katika daftari, mwuza dawa anajua atoe chupa gani.

Utaratibu huo huo unafaa kwa kutupa mimba. Shina libaki kwa dalili, na chanzo kiongezwe kila kinapojulikana: kutupa mimba kwa brusela, kutupa mimba kwa neospora, kutupa mimba kwa trikomona. Pale ambapo chanzo hakijulikani, jambo ambalo litakuwa la kawaida katika wilaya iliyo mbali na maabara, iandikwe hivyo waziwazi: "kutupa mimba, chanzo hakijathibitishwa". Maneno hayo hayapunguzi heshima ya ofisa. Yanamwambia anayepokea taarifa kwamba sampuli ya damu ya mama, kondo la nyuma na ndama mfu bado zinahitajika.

Wala hakuna hatari kwamba tahadhari italegea. Kwa kuwa chanzo hakijulikani siku ya kwanza, kila mimba iliyotupwa na ishikwe kama ya brusela: mikono ikingwe, mabaki yafukiwe kwa kina baada ya kuchukuliwa sampuli, na maziwa yachemshwe.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaleta mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

(1) "Kutupa mimba" liwe jina la dalili tu. Ugonjwa wenye jina hilo hadi sasa uitwe "ugonjwa wa brusela".
(2) "Kimelea" liwe neno la jumla. "Minyoo" litumike kwa minyoo peke yake.
(3) "Mwenyeji wa kukomaa" na "mwenyeji wa kupitia" zichukue nafasi ya "mwenyeji wa mwisho" na "mwenyeji wa kati".
(4) "Oosisti" litumike maabara, na "vifuko vya kimelea" litumike kwa mfugaji.
(5) "Maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa ndama" ichukue nafasi ya "maambukizi ya wima" na ya "ugonjwa wa kurithi".
(6) "Magonjwa ya kupandana" ichukue nafasi ya "magonjwa ya zinaa" katika habari za wanyama.
(7) "Hasara za uzazi" iwe jina la jumla, chini yake ziwepo "kupotea kwa mimba changa", "kutupa mimba" na "kuzaa ndama mfu".

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, desturi yetu imekuwa kutafuta neno kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu za hapa nchini, ndipo twende mbali. Maneno kama "bunge" na "ikulu" ni ushahidi kwamba desturi hiyo huzaa matunda. Watu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa na wa milima inayouzunguka husema Kinyakyusa, Kindali, Kikinga na Kikisi, na hapana shaka kwamba lugha za watu walioishi na ng'ombe kwa muda mrefu zina maneno ya kutenganisha mimba iliyopotea mapema na iliyotupwa baadaye, mtamba asiyeshika na anayeshika kisha akapoteza. Tunawaomba walimu, mabwana mifugo na watumishi wa wilaya za Kyela, Rungwe, Ileje, Makete na Ludewa watuandikie maneno hayo pamoja na maana zake na mifano ya matumizi. Lile litakaloonekana kuwa sahihi kuliko letu tutalipokea, na letu tutaliondoa katika orodha kabla halijapelekwa kwa kamati ya istilahi.